Mashamba ya mpunga yaliyofyekwa kwenye mikoko: kwa nini udongo unachoka mapema hivi?

#1 Mpakacha
Wakuu habari. Wajuzi wa udongo naomba mshuke hapa. Kwetu ni delta ya Rufiji, upande wa kaskazini, wilaya ya Kibiti. Huku watu wanafyeka mikoko wanalima mpunga, hilo si siri. Shamba la mzee wetu lilifunguliwa kwenye msitu wa msikundazi na mchu. Msimu wa kwanza mpunga ulisimama mpaka mtu akiingia humuoni, na mbolea hatukutia hata chembe. Ikaenda hivyo misimu michache, ikaanza kushuka, sasa hivi hata hela ya vibarua wa kupandikiza hairudi.

Kila ninayemuuliza ana lake. Mjomba anasema chumvi. Jirani anasema kaa. Bwana shamba mmoja alipita akasema udongo umegeuka asidi, akaondoka na boti ya mchana bila kufafanua. Lipi ni lipi? Udongo ulioinua miti ya kupasua mbao unashindwaje kuotesha mpunga? Habari za kwamba ni hifadhi nazijua, naomba tubaki kwenye udongo.

#2 Natia_Nanga
Natia nanga. Uzi huu utakuwa mtamu.

#3 Tope_Buluu
Bwana shamba hakukosea, alikuwa anawahi boti tu.

Maji ya bahari yana salfeti nyingi. Mto unashusha tope lenye chuma. Majani na mizizi ya mikoko inaozea humo humo, mahali hewa haifiki. Vitatu hivyo vikikutana, kuna bakteria wanaoishi bila hewa, wanavigeuza kuwa pairaiti, yaani madini ya chuma na salfa. Ndiyo maana ukizamisha jembe kwenye tope la mikoko linatoka la kijivu kinachoelekea buluu, na harufu ya yai viza. Likiwa chini ya maji halina neno, pH yake (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) inacheza karibu na 7.

Balaa ni hewa ikiingia. Pairaiti ikipata hewa na unyevu inazaa asidi ya salfuriki, hii hii ya betri ya gari. pH inashuka chini ya 4. Ikifika hapo, alumini iliyokuwa imelala kwenye mfinyanzi inayeyuka, inadumaza mizizi, tena inaikamata fosforasi isifike kwenye mmea. Chuma nacho kinazidi, majani ya mpunga yanapata rangi ya kutu kuanzia yale ya chini. Chimba utafute vidoa vya manjano iliyopauka kandokando ya matundu ya mizizi ya zamani. Ukiviona, hukumu imetoka.

#4 Mla_Kaa
Kwa hiyo mzee wa watu alikuwa analima juu ya betri 😂

#5 Bamvua
Tope_Buluu umeeleza vizuri, ila umeeleza shamba la kwingine. Delta nani anachimba mitaro ya kukausha? Nani anajenga tuta la kuzuia bahari? Sisi tunafyeka, tunachoma, tunasubiri maji. Mto ukijaa, Machi mpaka Mei, bamvua, yale maji makubwa ya bahari, likipanda linausukuma mto urudi juu, maji baridi yanaingia mashambani yenyewe, kisha yanashuka. Hiyo ndiyo skimu yetu ya umwagiliaji, haina pampu wala kamati. Tope limelowa muda wote, hewa ipitie wapi?

Mimi nasema ni chumvi, na chumvi inafuata njia ya mto. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mto umehamishia nguvu zake kwenye matawi ya kaskazini. Waliokuwa wanalima kusini maji yao yakageuka chumvi, wengi wakaacha, na kaskazini ndiko misitu ikaanza kufyekwa. Tawi likikosa nguvu, bahari inapanda. Muulize mwenzetu shamba lake liko kwenye kijito gani kabla hujamtolea hukumu.

#6 Tope_Buluu
Bamvua, nakupa nusu. Masika hewa haipiti, sawa. Sasa niambie Septemba mpaka Novemba hali inakuwaje, maji mafu yakikaa, bahari haipandi juu, mvua hakuna. Msikundazi hauoti sehemu ya chini, uko juu, kule bahari inafika siku za bamvua kubwa tu. Zamani pale palikuwa na kivuli. Leo jua linapiga moja kwa moja, ardhi inapasuka nyufa za kuingiza vidole. Ongeza na matundu ya kaa, kila tundu ni bomba la hewa. Si lazima mtu achimbe mtaro.

#7 Bibi_Dungu
Wanangu, mnaongea maneno ya kitabuni. Mimi nimelima huko huko tangu nikiwa mwali. Shamba jipya halina magugu kwa sababu msitu ulikuwa na kiza, mbegu za magugu hazikuwemo. Mwaka wa kwanza unapandikiza, unapanda dunguni kuwinga ndege na kusubiri nguruwe, basi. Baadaye ndago inaingia, matete yanaingia, na mitambaazi. Palizi moja inakuwa tatu. Mkiwa watu wanne nyumbani mnaweza, mkibaki wawili mnashindwa, mnakwenda kufyeka pengine ambako hakuna magugu. Halafu anakuja mtu anasema udongo umekufa. Haujafa, umewashinda.

Na kaa msimsahau. Kaa anakata mche usawa wa tope usiku, asubuhi unakuta majani yanaelea kama hayana mwenyewe. Ndiyo maana tunapandikiza mche mkubwa ulioshupaa.

#8 Mpakacha
Shikamoo bibi. La palizi umenigusa, tulipoanza tulikuwa wengi, sasa vijana wapo Mbagala na Temeke. Lakini hata vipande tulivyopalilia vizuri mpunga unakuwa mfupi, na mapepe mengi kuliko punje. Gugu halileti mapepe kiasi hicho.

#9 Bibi_Dungu
Marahaba. Mapepe ni chumvi wakati wa kutoa suke, au maji kuwahi kukatika. Hapo namuunga mkono Bamvua.

#10 Sheria_Mkononi
Samahani kwa kuharibu stori. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu, imetengwa tangu enzi za mkoloni, na Sheria ya Misitu ya 2002 ipo. Hapa mnashauriana namna ya kuendelea na kosa.

#11 Mla_Kaa
Mkuu #10, jamaa kasema toka mwanzo anajua. Soma uzi kabla ya kuvaa joho.

#12 Kwao_Mkoani
Assalaam alaykum. Mie n'nakaa Pemba, na sisi tunayo ya kwetu, tena kinyume chenu. Nyie mmekwenda kuingia kwenye mikoko, sisi bahari ndiyo inayotufuata kwenye mabonde ya mpunga. Pahala pengi ambapo mikoko ya mbele ilikatwa kwa boriti na kuni, maji ya bamvua sasa yanapita hadi bondeni. Bonde likishaingia maji ya bahari, mpunga mwaka ule hakuna, na mwaka wa pili ni bahati ya mvua. Baada ya hapo ardhi yenyewe hubadilika: ikikauka inakuwa ngumu kama saruji, mvua ikinyesha maji yanasimama juu hayazami. Chumvi tumeshaiosha, ukionja huioni, na bado udongo haufai. Hili nani atalieleza?

#13 Mfinyanzi_Mwekundu
Kwao_Mkoani, hiyo ni sodiamu. Chumvi na sodiamu ni masuala mawili, watu wanayachanganya.

Chumvi ikiwa nyingi inamnyima mmea maji. Mpunga unaanza kuumia udongo ukivuka desisimens 3 kwa mita (kipimo cha chumvi), na kila desisimens 1 inayoongezeka inakula kama asilimia 12 ya mavuno. Maji ya bahari yenyewe yako juu ya 50, kwa hiyo huhitaji bahari nyingi kuingia. Ila chumvi inaoshwa na mvua.

Sodiamu haiondoki kirahisi, inang'ang'ania kwenye chembe za mfinyanzi. Chumvi ikiwepo chembe zinashikamana. Mvua ikiondoa chumvi sodiamu ikabaki, chembe zinaachana, zinaziba vitundu vyote, udongo unakuwa uji ukilowa na tofali ukikauka. Dawa yake ni jasi, ile ya kutengenezea chaki: kalsiamu inachukua nafasi ya sodiamu, halafu unaosha kwa maji baridi.

Kwa Mpakacha, sidhani kama ni hili peke yake, mto wenu unaleta tope jipya kila mwaka. Au ulikuwa unaleta.

#14 Kizibo
"Ulikuwa unaleta." Asante kwa kunipa mlango. Bwawa la Julius Nyerere limekaa juu ya huo mto, megawati 2,115. Tope linabaki bwawani, delta inapata maji yaliyochujwa. Rutuba ya delta ilikuwa ni mafuriko, wazee waliokuwa wanalima mlao, kilimo cha kufuata maji ya mafuriko yanaposhuka, hawakujua mfuko wa urea unafananaje. Tafuteni mchawi hapo.

#15 Bamvua
Kizibo, bwawa lilianza kujazwa Desemba 2022. Watu wanahama mashamba ya mikoko kila baada ya miaka michache tangu enzi za bibi hapo juu. Huwezi kumshtaki mtu kwa wizi uliotokea kabla hajazaliwa. Na Aprili 2024 Kibiti na Rufiji walizama kwenye mafuriko, bwawa lipo. Yajayo ni mengine, hata mimi nayaogopa.

#16 Kizibo
Sikusema limeanzisha, nasema litamalizia. Maji mengi kushuka si sawa na tope kushuka.

#17 Majivu
Mnazunguka mbali. Kwa nini msimu wa kwanza ulikuwa mzuri bila mbolea? Mlichoma. Majivu yana potasiamu na kalsiamu, na yanapunguza ukali wa asidi kwa muda. Juu ya hapo kuna majani na mizizi ya miaka mingi inayooza na kuachia naitrojeni. Mlikuwa mnakula akiba, akiba imeisha. Hata Morogoro milimani mtu akifyeka msitu anavuna vizuri mwanzo kisha inashuka, na huko hakuna bahari wala pairaiti. Naona mnatafuta sababu ya pwani kwa jambo la kila mahali.

#18 Tope_Buluu
Majivu, hoja ina nguvu, ila ingekuwa ni rutuba tu, mfuko wa urea ungerudisha mpunga. Mpakacha, mmewahi kujaribu?

#19 Mpakacha
Tulijaribu urea msimu uliopita. Majani yakawa kijani wiki kadhaa, suke likatoka lile lile la mapepe.

#20 Majivu
Urea ni naitrojeni peke yake. Fosforasi je?

#21 Tope_Buluu
Na fosforasi nani anaishika? Alumini. Karibu nyumbani.

#22 Mla_Kaa
😂😂 Majivu kaingia mtegoni kwa miguu yake.

#23 Ziguinchor_Dar
Niruhusuni nilete la Afrika Magharibi, niliwahi kufanya kazi kusini mwa Senegal, Casamance. Kule kulima mpunga kwenye mikoko ni jambo la vizazi. Wajola pale, na Wabalanta upande wa Guinea-Bissau, wanajenga matuta ya tope ya kuzuia bahari, na chini ya tuta wanapitisha gogo lililotobolewa la kutolea maji. Tuta likishafungwa hawakimbilii kupanda. Wanaacha mvua za misimu kadhaa zioshe chumvi kwanza. Wanalima kwenye matuta yaliyoinuliwa ili chumvi ishuke mferejini. Kiangazi wengine wanafungulia bahari iingie makusudi, tope lisikauke likatoa asidi, na magugu nayo yanakufa. Chumvi wanaichukua kama bei, kwa sababu chumvi inaoshwa, asidi haioshwi kirahisi.

Halafu ukaja ukame wa miaka ya 1970 na 1980. Mvua haikutosha kuosha, mto Casamance wenyewe ukawa na chumvi kuliko bahari sehemu za juu. Mabonde yakageuka uwanja mweupe usioota kitu. Mabwawa ya kuzuia chumvi yaliyojengwa na wataalamu mengine yalikausha tope, asidi ikatoka. Kwa hiyo Tope_Buluu na Bamvua wote wako sahihi Casamance. Rufiji sijui, Rufiji hamna tuta.

#24 Bibi_Dungu
Hao wa gogo chini ya tuta wana akili. Ila kazi ya kujenga tuta hilo inataka kijiji kizima, na kijiji kizima hakiwezi kujenga tuta ndani ya hifadhi.

#25 Sheria_Mkononi
Nashukuru kuna aliyenielewa.

#26 Mtwapa_Kwetu
Salamu kutoka Kenya. Hata huku mikoko ilikatwa Ngomeni kwa mabwawa ya kufugia kamba na mashamba ya chumvi. Mabwawa ya kamba yaliachwa zamani. Wenzetu Gazi walichukua njia nyingine, mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya kaboni kutoka msitu wa hekta 117 na pesa zimeingiza maji kijijini. Sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko haiko kwenye mti, iko kwenye tope. Mkikata na kuchoma mnaona moshi wa miti, ule wa tope hamuuoni, unatoka pole pole miaka na miaka.

Na kuna jambo hamjagusa. Mizizi ndiyo inayoinua ardhi. Mti ukifa mizizi inaoza, tope linajishindilia, shamba linashuka. Honduras, baada ya kimbunga Mitch cha 1998 kuua mikoko visiwani, ardhi ilididimia karibu sentimita 1 kwa mwaka. Delta tambarare hivyo, sentimita chache zinatosha kufanya bamvua lifike pale ambapo halikuwa linafika. Bamvua anaona bahari imepanda, huenda ni shamba limeshuka.

#27 Bamvua
Hii sikuwahi kuisikia. Ila Honduras ile ilikuwa tope la mboji tupu, si ndiyo? Letu lina mfinyanzi wa mto. Sidhani linashuka sawasawa.

#28 Mtwapa_Kwetu
Kweli, la mboji linashuka zaidi. Nimesema huenda.

#29 Mpakacha
Wakuu nimerudi. Nimechimba maji yalipopwa, mashimo mawili, moja upande wa juu karibu na mnazi, jingine upande wa kijito.

La juu: kama shubiri moja ya mwanzo ni udongo mweusi unaopukutika, una nyufa. Chini yake kijivu, na mizizi ya zamani ya msikundazi bado imo, ukiivunja inatoka unga. Kuzunguka baadhi ya mizizi kuna wekundu wa kutu, na sehemu chache manjano iliyofifia, si nyingi. Zaidi ya hapo tope la buluu, linanata, linanuka.

La upande wa kijito: buluu inaanza karibu sana na juu. Manjano sikuona hata kidogo. Maji yaliingia shimoni haraka, nimeonja, chumvi kabisa. Mpunga wa mwaka huu upande wa kijito ndio mbaya kuliko wa juu.

Nikanunua peroksaidi ya kusafishia vidonda duka la dawa, nikamwagia tope la buluu. Lilitoa povu jingi.

#30 Tope_Buluu
Manjano! Nilisema.

#31 Bamvua
Manjano yako juu, mpunga mbaya uko chini kwenye maji ya chumvi. Ulisema hukumu imetoka, mbona mshtakiwa yuko shamba jingine?

#32 Tope_Buluu
Yanaweza kuwa mawili kwa pamoja, juu asidi, chini chumvi. Mpakacha, povu lisikudanganye pia: peroksaidi ya dukani ni dhaifu, na inatoa povu hata kwa mboji au manganisi. Njia ya uhakika bila maabara: chukua tope la buluu, litandaze jembamba kwenye sahani kivulini, linyunyizie maji baridi kidogo kila likitaka kukauka, liache wiki kadhaa. Pima pH siku ya kwanza na siku ya mwisho, karatasi za kupimia zinapatikana maduka ya vifaa vya maabara. Ikianza kwenye 6 au 7 ikaishia chini ya 4, unajua ulichokalia.

#33 Natia_Nanga
Na kama ni asidi si anatia chokaa tu yaishe? Dar chokaa ipo.

#34 Mfinyanzi_Mwekundu
Piga hesabu. Udongo wenye salfa ya pairaiti asilimia 1 unataka kama kilo 31 za chokaa safi kwa kila tani ya udongo ili kumaliza asidi yote itakayotoka. Hekta moja kwa kina cha sentimita 20 ni tani 2,000 hivi, tope jepesi punguza kidogo. Jibu ni kama tani 60 za chokaa kwa hekta. Kwa boti, kutoka Nyamisati, mpaka shambani. Utauza mpunga wa miaka mingapi?

Ndiyo maana duniani kote mwenye udongo huu anaambiwa kwanza asiukaushe. Chokaa ni ya kupunguza makali kwenye kitalu.

#35 Mpakacha
Tani 60, labda niuze na boti yenyewe. Swali jingine: tukiacha upande wa kijito, mikoko itarudi yenyewe? Na asidi itakwenda wapi?

#36 Mtwapa_Kwetu
Maji ya bahari yakiingia na kutoka kama zamani, asidi inapungua, yenyewe yana bikaboneti inayoizima. Tope likikosa hewa tena pairaiti inaanza kujijenga upya, ila muda mrefu. Miti: usikimbilie kuchomeka mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyopinda, kwa sababu mche wake ni rahisi kuokota. Angalia kilichokuwepo. Pahali pa mchu panda mchu, au usipande, acha tu kuchoma na uache mbegu zije na maji.

#37 Bamvua
Yaliyoachwa kwetu mchu umerudi pembezoni mwa vijito. Katikati kumejaa matete na mitambaazi, mbegu hazifiki chini. Msikundazi wa kurudi wenyewe nimeuona mara chache sana.

#38 Bibi_Dungu
Mkifyeka hayo matete mara moja na kuacha, mchu unaingia. Tulifanya bila kukusudia, tulifyeka kupanda, mvua ikagoma, hatukurudi.

#39 Majivu
Bado nataka mtu atie fosforasi kipande kidogo upande wa juu na majivu kipande cha pili, msimu ujao. Tukishaona suke ndipo tubishane.

#40 Mla_Kaa
Mimi nina swali la msingi: kwenye hayo mashimo mawili, kaa mlikuta? Na kilo kwa sasa mnauza bei gani?

#41 Mpakacha
Kaa wapo upande wa kijito, njoo na kapu lako. Majivu nimekuelewa, vipande viwili nitavipima kamba kabla ya kupandikiza. Sahani za Tope_Buluu nimeshaweka barazani, mama anauliza ni dawa ya nani.

#42 Bamvua
Weka na tope la upande wa chini kwenye sahani ya pili, usimrahisishie kazi.